Aiskrimu ya Lita Mbili

Likizo ya Agosti iliyopita binamu yangu alitutembelea hapa Wabera kutoka Minneapolis, kule Marekani. Huyo binamu ana maneno! Alitueleza kuwa kwao kuna aiskrimu inayokorogwa pamoja na vipande vya biskuti, karanga na peremende, na kwamba muuzaji huipindua bilauri juu chini mbele yako na haimwagiki ng'o. Inaitwa Blizzard, na Dairy Queen walianza kuiuza mwaka 1985. Sisi tuliozoea barafu za kufyonza tulibaki midomo wazi. Nikajigamba kwamba hata mimi naweza kuitengeneza.

Tatizo lilikuwa maziwa. Mama huuza maziwa ya ngamia. Huyanunua kwa wafugaji, na alfajiri huyapakia kwenye basi yamfikie mteja wake Eastleigh, Nairobi. Jumamosi hiyo mimi ndiye niliyetumwa kupeleka mtungi wa lita 20 steji. Kabla ya kutoka nikachota lita mbili, nikazificha. Halafu shetani akaninong'oneza, nikajaza maji pale palipopungua. (Nusura nisiandike sentensi hiyo.)

Kazi yenyewe ilinoga. Mwalimu wa Kemia alikuwa ametufundisha kwamba chumvi hushusha kiwango cha kuyeyuka kwa barafu, kwa hivyo barafu yenye chumvi huwa baridi kuliko barafu tupu. Nikavunja barafu kwenye beseni, nikamwaga chumvi, nikaweka katikati sufuria ya maziwa yenye sukari, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Yalipokuwa mazito kama uji nikatia biskuti zilizopondwa, karanga na tende. Binamu akaonja, akasema ina chumvichumvi. Nikamwambia hayo ndiyo maziwa ya ngamia, si chumvi yangu! Tukapindua kikombe. Ikakaa kidogo, kisha pwa! mkekani. Watoto wakailamba papo hapo, sisi tukicheka hadi mbavu zikauma.

Saa nane simu ya mama ikalia. Mteja alikuwa ametia kipimo kwenye maziwa, kikazama kupita kiasi. Maziwa yana maji, halipi hata shilingi.

"Wallahi, mimi sijawahi kutia maji maziwa ya mtu!" mama akaapa. Akaapa mara ya pili. Kijiko bado kilikuwa mkononi mwangu.

Nikasema, "Hooyo, ni mimi."

Hakunipiga. Alinitazama tu, kisha akanipa simu. "Mwambie mwenyewe."

Nikamweleza yule mzee yote, tangu binamu hadi mkeka. Akanyamaza sana, nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, "Na iliganda?"

"Kidogo tu, mzee."

Akasema nimrudishie mama simu. Maziwa ya siku hiyo hayakulipwa, lita zote 20, lakini Jumatatu alipokea mengine. Mtungi siku hizi hupelekwa steji na mdogo wangu. Mimi sijatumwa tena.