Mjomba, kikaoni nenda tu

Niko hapa St. Paul, jamaa zangu wote. Baridi bado ipo lakini leo sikuja kulalamika, hiyo nitawawekea siku nyingine :-)

Juzi kwenye simu mjomba kaniuliza: hizi karatasi za kupima athari za mazingira zina faida gani, mwenye pesa si atajenga tu? Na akasema amechoka na vikao, haendi tena. Basi jibu lako hili hapa mjomba, na wengine wasome.

Karibu na ninapokaa inapita barabara kuu ya I-94. Pale palikuwa na mtaa ukiitwa Rondo, wa Wamarekani Weusi, una maduka yake na makanisa yake. Miaka ya 1950 na 1960 barabara ikapasuliwa katikati, mamia ya familia wakahamishwa. Sheria ya nchi nzima ya kupima athari kabla ya kujenga haikuwepo. Ilikuja baadaye, Rais Nixon aliitia saini tarehe 1 Januari 1970. Na msidhani inakataza kuharibu, hapana! Inailazimisha serikali kuu ichunguze kwanza, itazame njia nyingine, iwaambie watu. Basi. Mei 2025 Mahakama Kuu ya huku ikawaambia majaji wasiichokonoe sana serikali kwenye mambo hayo, kwa hiyo hata hapa si peponi.

Sasa njoo kwetu. Mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, megawati 1,050, unaukumbuka vizuri maana shamba lako liko upande huo huo. NEMA waliutolea leseni Septemba 2016. Watu wa Lamu wakakata rufaa, na Juni 2019 jopo linaloamua kesi za mazingira likaifuta ile leseni. Sababu kubwa ilikuwa nini? Wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Vikao vilifanyika kabla ya uchunguzi wenyewe, watu wakaelezwa mradi juu juu. Ripoti ilipokuwa tayari, nene na ya kitaalamu, hakuna aliyekaa na wavuvi kuwaeleza maji ya moto yakimwagwa baharini samaki wataendaje.

Umeona? Walioangushwa na kikao, mjomba, ni wenye mtambo. Hicho hicho unachosema kimekuchosha! Kesi ile ilitaka kujua nani aliitwa, lini, na aliambiwa nini, na wa kulijibu hilo ni mtu aliyekuwepo. Mimi niliye huku siwezi kulijibu.

Kwa hiyo wakiitisha tena nenda, andika tarehe na waliyoyasema, daftari la mahudhurio utie jina lako. Leseni ikitoka, sheria ya Kenya ya 1999 inakupa siku 60 za kukata rufaa, usingoje mpaka matingatinga yafike. Na ripoti ukiipata, hata iwe Kiingereza cha kuvunja meno, ipige picha kurasa zote unitumie WhatsApp. Binti yangu atanisaidia kuisoma, na tutakupigia usiku huo huo.