Filimbi ya Bawa la Tumbusi

Mkipita Ulm, Ujerumani, msikimbilie madukani. Pandeni treni mwende Blaubeuren, mji mdogo wenye chemchemi ya maji ya bluu, mkaone filimbi iliyo ndani ya makumbusho yake. Ni mfupa wa bawa la tumbusi, uliookotwa vipande vipande mwaka 2008 kwenye pango la Hohle Fels, jirani tu na hapo. Umri wake? Zaidi ya miaka 35,000! Mfupa huo una uwazi ndani. Fundi alitoboa tu matundu matano na kuchonga pa kupulizia. Enzi zile za barafu, chakula mpaka uwinde, jamani, na bado mtu akapata nafasi ya muziki (wewe kila jioni uko bize!). Isogeleeni muitazame: ni nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho.