Mlango Nilioupita Kayenze

Katekista wa parokia yetu alisimama baada ya matangazo akauliza ni nani angependa kutembea kwa miguu kutoka Mwanza mjini mpaka Kageye, ili tufike huko siku ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Watu walicheka. Mimi niliinua mkono. Nilikuwa na miaka 58, mjane, na magoti yanayolalamika nikipanda ngazi. Wanajumuiya wenzangu walinipongeza kwa imani yangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa sipati usingizi, nikadhani safari ngumu ingeninyamazisha moyo.

Tulikutana watu sita. Katekista alitueleza kwamba huko Ulaya wapo wanaotumia likizo yao yote kutembea njia za hija. Njia moja ya kale ya kwenda Roma huvuka milima ya Alpi mahali panapoitwa Mtakatifu Bernardo Mkuu, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, na tangu karne ya 11 ipo nyumba ya watawa inayowapokea wapita njia. "Sisi hatuna theluji," alisema, "tuna jua na vumbi. Lakini nyumba za kutupokea tunazo. Kila mmoja aangalie ana ndugu gani huko njiani."

Niliinamisha kichwa. Kayenze nina wifi yangu. Tulikuwa hatujasemezana miaka saba.

Tulianza tarehe 1 Juni, baada ya misa ya asubuhi katika Kanisa Kuu la Epifania, Bugando. Tulishuka mjini, tukapita Kirumba, kwenye harufu ya dagaa wakavu, kisha Pasiansi, mpaka uwanja wa ndege. Tulisali rozari kwa zamu. Nilibeba matobolwa, karanga na chupa ya maji, na kanga ya pili ya kulalia. Ukipanda gari barabara ile ni fupi. Kwa miguu, kila jiwe kubwa unaliona kwanza kwa mbali, unalifikia, unaliacha nyuma, na bado mchana haujaisha. Tulifika Igombe jua linazama, vidole vyangu viwili vimetoka malengelenge.

Siku ya pili maneno yalituishia. Hakuna anayeweza kusali kwa sauti saa sita mfululizo juani. Mtu unabaki na pumzi yako na mawazo yako, nami ndicho kitu nilichokuwa nakikimbia. Nyumbani nilikuwa na redio, kwaya, vikao vya WAWATA, vyombo vya kuosha. Barabarani sikuwa na kitu cha kuweka kati yangu na ile habari.

Habari yenyewe ni hii. Mume wangu alikuwa mvuvi. Alipofariki, kabla hata ya arobaini, wifi yangu alikuja na vijana wawili wakachukua mtumbwi na injini. Nililia mbele ya watu wote. Nilisema nimenyang'anywa, mjane mimi, na watoto hawajamaliza shule. Jumuiya ilinihurumia. Walinichangia mahindi na ada. Kwa miaka saba jina la wifi yangu likitajwa, mtu hutikisa kichwa.

Jambo ambalo sikulisema ni kwamba injini ile ilinunuliwa kwa fedha zake. Mume wangu alimkopa, wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari, akatia saini. Karatasi ile niliikuta ndani ya sanduku siku ya tatu baada ya mazishi. Niliisoma mara mbili, nikaiweka jikoni kwenye moto.

Tuliingia Kayenze jioni. Nyumba ya wifi iko pembeni mwa barabara, ina mwembe mbele. Nilivuta mtandio usoni nikapita upande wa pili, nikijificha nyuma ya katekista. Usiku tulilala sakafuni katika nyumba ya muumini mmoja mkarimu. Mama mmoja, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, alikuwa ananiosha miguu kwa maji ya chumvi. Akaniuliza taratibu, "Mama, si una wifi hapahapa?"

"Ninaye," nilijibu. "Lakini unajua alivyonifanyia."

Hakusema neno. Aliendelea kuniosha miguu. Laiti angebishana nami ningelala. Alinyamaza, nami nikakaa macho nikisikiliza mbwa mpaka majogoo.

Asubuhi ya tarehe 3 tulifika Kageye. Usitegemee kuona mambo makubwa. Ni ufuo, mawe, mitumbwi, na ziwa mbele yako. Tulikaa kivulini, katekista akatusimulia. Januari mwaka 1879, Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, wa Wamisionari wa Afrika, waliondoka hapa kwa mtumbwi, wakiwaacha wenzao watatu wakisubiri. Walifika Entebbe tarehe 17 Februari. Waganda walimwita padre huyo Mapera. Baadhi ya vijana aliowafundisha walikuwa miongoni mwa waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Nilidhani ataishia hapo, tuanze litania. Lakini akaendelea. Ufuo huohuo, miaka ileile, ulikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Watu walipitishwa hapa wamefungwa, wasirudi kwao tena. "Maji ni haya haya," alisema. "Injili ilipita hapa, na minyororo ilipita hapa."

Nilitazama yale maji nikakiona kinywa changu. Kinywa kimoja kilichosali rozari tangu Bugando, na kinywa hichohicho kimemfunga mwanamke asiye na kosa kwa miaka saba.

Tulipomaliza litania, kijana mmoja alisema kwa furaha, "Haya, tumefika!" Katekista akatabasamu. "Lourdel hakufika hapa, aliondokea hapa. Wala hakujua anakwenda kukutana na nini." Pengine alisema hivyo kwa utani tu. Mimi nilijua safari yangu imebaki kilomita chache.

Wenzangu walirudi kwa gari. Nilimwomba kondakta anishushe Kayenze. Wifi alikuwa amekaa chini ya mwembe, anachambua mchele kwenye ungo. Aliniona toka mbali, hakusimama. Nilipiga magoti palepale mchangani, magoti yangu mabovu haya.

"Wifi," nilisema, "deni lilikuwepo. Karatasi niliiona. Niliichoma mimi."

Alikaa kimya muda mrefu, vidole vyake vinatafuta mawe kwenye mchele. Kisha akasema, "Nilijua kwamba unajua. Nilikuwa nasubiri nione kama utakufa nayo." Hakunikumbatia. Aliuliza tu, "Umekula?" Nikasema bado. Akampigia kelele mjukuu wake aongeze maji kwenye sufuria.

Nililala kwake usiku ule. Hatujawa marafiki wa kuchekeana kila siku, sitawadanganya tena. Lakini Krismasi alikuja kwangu na sato wawili.

Jambo gumu zaidi lilikuwa jumuiya. Nilikwenda kitubio, na padre aliniambia kwamba jina la mtu nililolichafua mbele ya watu, nilisafishe mbele ya watu. Ilinichukua majuma matatu kupata ujasiri. Nilisimama nyumbani kwa mwenyekiti wetu nikasema yote, na wapo ambao tangu siku ile hawaniangalii kama zamani. Nimekubali. Mahindi yao niliyala kwa uongo.

Katika Mathayo sura ya 5 Bwana anatuagiza kwamba tukikumbuka altareni kuwa ndugu ana neno juu yetu, tuiache sadaka, twende kwanza kwake. Miaka saba nilisikia somo hilo nikadhani linamhusu wifi yangu. Ndugu msomaji, kama unafikiria kwenda hija, nenda, miguu itapona. Ila kabla hujafunga mzigo, jiulize ni mlango gani utaupita njiani ukiwa umefunika uso.