Unamfahamuje Mwanafunzi Huyu?

Fomu nyingi za kuombea ufadhili wa masomo zina swali ambalo mwombaji halijibu mwenyewe. Hulijibu mdhamini wake, yaani mhadhiri anayetakiwa kumwandikia barua: unamfahamu mwombaji huyu tangu lini, na kwa nafasi gani? Kati ya Septemba na Desemba kila mwaka hulijibu swali hilo mara nyingi kuliko ninavyojibu salamu za ndugu zangu, na kila mwaka hukumbana na ugumu uleule. Wengi wanaoniomba niwadhamini wana matokeo mazuri. GPA ya 4.2 au 4.5 si haba. Lakini katika kozi yenye wanafunzi mia nne, ukumbi mmoja na kipaza sauti kimoja, ninachokijua juu yao ni namba ya usajili na alama za mtihani. Hayo yote tayari yamo kwenye hati ya matokeo. Mfadhili hanihitaji mimi nimnakilie karatasi aliyonayo mezani.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoanza mwaka wa kwanza, na pia kwa watumishi wa umma ambao saini zao huamua kama vijana hao watakutana, watajadiliana na watasikika. Hoja yangu ni nyepesi kuieleza ingawa si nyepesi kuitekeleza. Vyama vya wanafunzi na fursa za masomo ni jambo moja lenye ncha mbili. Chama ndipo mahali ambapo mwanafunzi huonekana akifanya jambo kwa ajili ya wengine, na fursa nyingi huwaendea walioonekana hivyo.

Nilifika Mlimani mwanzoni mwa miaka ya 2000 nikitokea Kigoma kwa gari moshi la Reli ya Kati. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilikuwa bado haijaundwa. Sheria yake ilitungwa 2004. Baba mdogo alinisindikiza stesheni kwa maneno ambayo wasomaji wangu wengi nadhani wameyasikia kwa sauti za wazazi wao: "Mwanangu, umekwenda kusoma. Siasa waachie wenye kwao." Alikuwa na sababu. Kizazi chake kilishuhudia chuo kikifungwa na wanafunzi wakirudishwa makwao na mabegi yao. Kwa mzazi maskini, mtoto aliyefukuzwa chuo ni shamba lililoungua siku moja kabla ya mavuno.

Hata hivyo nilijiunga na chama kidogo cha wanafunzi wa kozi yetu. Nilichaguliwa kuwa mtunza hazina kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka wadhifa huo. Ada ilikuwa shilingi 500 kwa mwanachama, na fedha zote zilienea katika bahasha moja ya kaki. Muhula wa pili mwenyekiti wetu, ambaye pia alikuwa rafiki yangu wa chumba kimoja, alitaka achukue sehemu ya fedha hizo kugharimia safari ambayo kamati haikuwa imeijadili. Nilimwambia alete muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. Alininunia hadi wakati wa mitihani. Tulikaa chumba kimoja, tukala meza moja, na hakunisemesha ila kwa lazima. Kamati ilipokutana ilikataa ombi lake, naye akakubali uamuzi mbele ya wanachama wote. Leo ni mtumishi wa umma mwandamizi, na tukikutana huwa yeye ndiye anayeianza hadithi hiyo.

Miaka minne baadaye nilikaa mbele ya jopo la usaili nikiomba ufadhili wa shahada ya uzamili. Wajumbe walikuwa na hati yangu ya matokeo, lakini hawakuiulizia. Mmoja wao aliniuliza kama nimewahi kutofautiana na rafiki kwa jambo linalohusu mali ya wengi, na tulilimalizaje. Nilikuwa na jibu, na lilikuwa la kweli. Mhadhiri aliyeniandikia barua alikuwa mlezi wa chama chetu. Aliijua ile bahasha ya kaki na aliitaja. Sijui ningewajibu nini wajumbe wale kama miaka yangu mitatu ya chuo ingeishia kwenye desa na vimbweta.

Kuna wanaodhani kwamba vyama ni michezo ya pembeni isiyo na uzito. Historia ya Mlimani inasema vingine. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria. Miaka mitano baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao mamia yao. Mwaka uliofuata, baada ya Azimio la Arusha, ilizaliwa USARF, jumuiya ya wanafunzi wanamapinduzi iliyowakutanisha vijana wa nchi mbalimbali za Afrika. Waliendesha madarasa yao wenyewe siku za Jumapili, wakisoma vitabu ambavyo havikuwa kwenye mitalaa. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche, lililopigwa taipu na kurudufiwa kwa stensili. Humo ndimo Issa Shivji, kijana wa miaka ya ishirini, alichapisha mwaka 1970 uchambuzi wake wa matabaka katika Tanzania, uchambuzi ambao bado unasomwa katika vyuo vya mabara mengine. Mwishoni mwa mwaka huohuo jumuiya na jarida vyote vilipigwa marufuku.

Angalia vijana wale walikotokea na walikofika. Karim Hirji, mmoja wa wahariri, akawa profesa wa takwimu za tiba. Zakia Meghji, mhariri mwenzake, akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii. Shivji mnamjua. Yoweri Museveni, aliyekuwa mwenyekiti wa USARF, yuko madarakani Uganda tangu 1986, na kila msomaji atajaza mwenyewe maoni yake hapo. Namtaja makusudi, ili tusidanganyane kwamba chama cha wanafunzi humfanya mtu kuwa mwema. Chama humpa mtu uwezo: wa kusema mbele ya watu, wa kuandika hoja, wa kuhesabu kura, wa kushindwa kura. Atakavyoutumia uwezo huo ni suala la tabia yake na la wale watakaomdhibiti.

Na hapo ndipo watumishi wa umma wanapohusika. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti yake, nasi tunasoma juu ya malipo yasiyo na stakabadhi na manunuzi yasiyoidhinishwa na kikao chochote. Tunashtuka, tunalaumu, kisha tunasubiri ripoti ya mwaka unaofuata. Mara chache tunajiuliza ni wapi mhasibu au mkurugenzi yule alipaswa kujifunza kumwambia bosi wake, kwa heshima, "Mzee, lete muhtasari." Somo hilo halimo kwenye silabasi. Hufundishwa na wanachama sitini wenye shilingi 500 zao, wanaotaka kujua zimekwenda wapi.

Kama hivyo ndivyo, basi tuache kuvitazama vyama vya wanafunzi kama hatari ya kudhibitiwa. Kikundi kimoja ninachokilea kiliomba kibali cha kuendesha mdahalo kuhusu mapato ya serikali za mitaa. Barua ilipita meza tano. Kibali kilitoka siku mbili baada ya tarehe ya mdahalo. Hakuna aliyesema hapana. Kila meza ilisubiri meza nyingine iseme. Vijana wale walijifunza jambo siku hiyo, lakini silo tulilotaka wajifunze. Walijifunza kwamba nchi hii mtu hukataliwa kwa kunyamaziwa. Wawili kati yao wameacha kuhudhuria vikao, na sina neno la kuwarudisha.

Lakini wanafunzi nao wana sehemu yao. Vipo vyama ambavyo ni fulana tu. Mwanzo wa mwaka kuna sherehe ya kukaribisha wapya, mwisho wa mwaka kuna sherehe ya kuwaaga wanaohitimu, na katikati kuna picha ya mwenyekiti akiwa amesimama kando ya mheshimiwa. Kabla hujatoa ada yako, uliza mambo matatu. Je, kuna katiba, nami naweza kuisoma? Je, vikao vina ratiba na kumbukumbu? Je, taarifa ya mapato na matumizi husomwa mbele ya wanachama? Chama kikishindwa yote matatu, fedha yako itafaa zaidi kununulia maharage.

Natambua pia hali ya mwanafunzi anayeishi kwa bumu, anayehesabu nauli ya daladala na ambaye fedha zake zimechelewa wiki tatu. Kumwambia ajiunge na vyama vitano ni kumdhihaki. Namshauri achague kimoja, ampe saa mbili kwa wiki, na akubali kazi moja ndogo: kuandika kumbukumbu, kutunza orodha, kupanga viti. Anayeandika kumbukumbu za vikao kwa mwaka mzima hujua kuandika kuliko anayehudhuria semina kumi za uongozi. Tena si lazima chama kiwe cha siasa. Wanafunzi wa sheria wana mahakama za kuigiza, na yapo mashindano ya haki za binadamu ya vyuo vikuu vya Afrika yanayoandaliwa na Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992. Wanafunzi wa Kiswahili wana CHAWAKAMA, ambacho makongamano yake huwakutanisha na wenzao wa nchi jirani. Nimeona binti ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa mkoa wake akisimama mbele ya wageni wa nchi nne na kutetea makala yake kuhusu misemo ya wavuvi. Barua yake niliiandika kwa nusu saa, wala sikuhitaji kutafuta maneno.

Kuhusu fursa zenyewe, nitasema yale tu ambayo huwaangusha vijana wengi ninaowafahamu. La kwanza ni hati. Kijana hupata nafasi ya mafunzo ya muda mfupi nje ya nchi, kisha hugundua kwamba hana cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hicho safari ya pasipoti huwa ndefu. Anza kukishughulikia ukiwa mwaka wa kwanza, wakati hakuna kinachokukimbiza. La pili ni lugha. Taasisi ya Confucius ipo palepale Mlimani, na mjini ipo Alliance Française. Lugha ya tatu hufungua milango ambayo wenzako hawajui kama ipo. La tatu ni kudhani kwamba fursa maana yake ni ndege. Shirika la DAAD la Ujerumani hufadhili pia masomo ya uzamili na uzamivu katika vyuo vya Afrika, na Watanzania wengi hawaombi kwa sababu wanasubiri London. La nne ni muda. "Shikamoo Dokta, naomba unijazie fomu, mwisho ni leo usiku" si ombi, ni adhabu kwa wote wawili. Mpe mdhamini wako wiki tatu, mpelekee wasifu wako na andiko lako la maombi, na mkumbushe kwa adabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huanza mapema.

Wahadhiri wenzangu nao nawaomba jambo. Tukikubali kuwa walezi wa vyama, tuhudhurie. Mlezi ambaye jina lake lipo kwenye barua ya usajili pekee hana tofauti na mgeni rasmi aliyetuma mwakilishi. Madarasa yamekuwa makubwa, na hatuwezi kuwajua wanafunzi mia nne mmoja mmoja kwa kuwahutubia. Tunaweza kuwajua kumi na tano kwa kuketi nao jioni moja kila mwezi, wakibishana. Kila mhadhiri akifanya hivyo, idadi ya vijana wanaofahamika kwa majina na matendo yao itakuwa kubwa kuliko tunavyodhani.

Basi, ndugu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, katika wiki hizi za mwanzo matangazo ya vyama yatabandikwa kila ukuta. Chagua kikao kimoja. Usiende kwenye sherehe ya ufunguzi. Nenda kwenye kikao cha kawaida, chenye watu kumi na mbili na mwenyekiti anayehangaikia akidi. Kaa hadi ajenda ya mapato na matumizi, ambayo kwa kawaida huwekwa mwisho, watu wakiwa wamekwisha kuchoka. Taarifa ikisomwa, nyoosha mkono, jitambulishe kwa jina lako kamili, kisha uliza stakabadhi ziko wapi.