Kihamba na Dunia Mpya

Mwanangu,

Baba yako mkubwa amesikia sokoni, wala si kinywani mwako, kwamba umempeleka dalali kihambani, kwenye shamba la ukoo wetu. Wanasema mhubiri wenu ametangaza dunia itateketea karibuni, na anayepakwa mafuta yake ya kulipia hugeuka kiumbe kipya usiku uleule. Basi migomba na kahawa vya nini?

Baba yako mkubwa, aliyefundisha dini nusu ya kijiji, hakatai kwamba mtu hugeuzwa. Kanisa linafundisha makubwa kuliko ya mhubiri wako: Katekisimu, namba 460, inasema Mwana wa Mungu alijifanya mtu ili sisi tushirikishwe umungu wake. Ndiyo maana wakati wa matoleo padre hutia tone la maji katika divai. Lakini neema ya utakaso haimfuti mtu alivyokuwa.

Mkumbuke yule mtawa, Mtakatifu Bakhita. Alizaliwa Darfur karibu mwaka 1869, akatekwa angali mtoto, akauzwa tena na tena. Huko El Obeid, nyumbani kwa ofisa wa Kituruki, walimchanja mwili kwa wembe, vidonda wakavisugua chumvi. Mwaka 1885 alifika Italia, na tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa Venice. Makovu hayakutoka kwa maji ya ubatizo. Alizikwa nayo mwaka 1947. Kilichogeuka ni moyo. Alisema angekutana na waliomteka, angepiga magoti awabusu mikono. Na huo utakatifu aliuishi wapi? Jikoni, kwenye cherehani, na mlangoni pa konventi ya Schio, miaka mingi, akiwafungulia wageni. Hakuna aliyemtoza hela ya mafuta.

Na dunia ni vivyo hivyo. Gaudium et Spes, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965, inaeleza katika namba 39 kuwa kungojea dunia mpya kusitulegeze kuitunza hii, kwa kuwa matunda mema ya kazi yetu tutayakuta tena, yametakaswa. Sasa kahawa ya babu yako unaiuza kwa fundisho lipi?

Usikope ili utoe sadaka. Mkeo asisikie habari ya dalali kwa majirani; mwambie mwenyewe.

Jumamosi baba mkubwa atakuwa Moshi mjini. Njoo stendi na karatasi zote za dalali, hata ulizokwisha kutia saini.