Barua Kutoka Lanet

Barua ile ilifika mtaani Bahati mwaka 2006, kijana akiwa amekwisha kumaliza muhula wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mkopo wa serikali ulikuwa umeingia na karo imelipwa. Sasa alitakiwa Lanet, Nakuru, katika chuo cha kijeshi, akafunzwe uafisa. Chakula, malazi na mafunzo vingegharimiwa na serikali, na mshahara juu yake. Mamaye, muuza mboga, alipiga vigelegele (na nani angemlaumu?) hata majirani wakatoka nje.

Babaye hakusema neno. Mnamo Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali, alikuwa barobaro papo hapo Bahati, si mbali na kambi yao ya Eastleigh. Kakaye, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, alikuwa miongoni mwa waliowashangilia waasi. Chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kilipofunguliwa yeye hakurudi darasani. Tangu hapo, kwa mzee yule, sare na kitabu havikai chumba kimoja.

Usiku akamwita mwanawe.

“Siku utakayoamriwa kuwapiga wanafunzi wenzako, utafanyaje?”

Kijana alinyamaza. Katika usaili alikuwa amepimwa macho, meno na mbio. Swali hilo hakuulizwa.

Asubuhi alikwenda chuoni kuomba kuahirisha masomo, ili mlango ule usifungwe kabisa. Karani akampa fomu. Palipohitajiwa sababu, aliishika kalamu kwa muda mrefu, kisha akaandika neno moja: “Mafunzo.”