Ndoo ya Mwalimu

Nilipoanza ualimu nalipenda mno kuamkiwa. Watoto walinitekea maji, nami nikaona ndiyo heshima yangu. Siku moja nalimwadhibu kijana aliyechelewa darasani. Kumbe alikuwa kisimani kwa ajili yangu.

Alhamisi Kuu, Padre alipopiga magoti kuniosha miguu, machozi yalinitoka. Baada ya Pasaka nalimwomba kijana yule radhi mbele ya wenziwe, na ndoo nikaichukua mwenyewe.

Julius Nyerere, Mkatoliki mwenzetu, alifundisha Tabora na Pugu. Akawa Rais, na mwaka 1985 akauacha urais kwa hiari, akarudi kijijini Butiama. Cheo kilipita, jina la Mwalimu likabaki.

Walimu wenzangu, nanyi wazazi, tuwatumikie hao tuwafundishao.